Kubaki majuu au kurudi Kisumu: linganisha kwanza karatasi uliyo nayo

Ukinipigia simu kutoka Minneapolis au Leeds kuniuliza kama urudi nyumbani, sitaanza kwa kuuliza unalipwa ngapi. Nitakuuliza una karatasi gani. Mshahara hubadilika, serikali hubadilika, hata jirani anayekukunjia uso huhama. Karatasi ndiyo inayosema kama ukiondoka leo utaweza kurudi mwaka kesho ukiona mambo hayaendi.

Pande mbili za uamuzi huu hazilingani tangu mwanzo. Kenya haimzuii Mkenya kuingia. Ukichelewa miaka mitano bado utashuka Kisumu na kupanda boda hadi kwenu. Marekani na Uingereza zina mlango mpana wa kutokea, na wa kuingilia unazidi kuwa mwembamba. Anayebaki anaweza kurudi baadaye, ila anayerudi mara nyingi hawezi kwenda tena. Hiyo haimaanishi kwamba lazima ubaki, kwa sababu wapo ambao kubaki kunawamaliza. Inamaanisha kwamba wa kurudi ana mengi zaidi ya kuhakikisha kabla hajakata tiketi.

Kilichobadilika

Marekani, Juni 2025, ilipiga marufuku raia wa nchi 12 kuingia na kuwawekea masharti wa nchi 7 nyingine. Somalia na Sudan zilikuwa kundi la kwanza, Burundi la pili. Kenya haikuwamo, lakini Mkenya aliyeoana na Msomali au Mrundi aliguswa vilevile. Septemba mwaka huohuo ikaja ada ya dola 100,000 kwa mwajiri anayeombea mtu aliye nje viza mpya ya H-1B, ile ya wafanyakazi wenye ujuzi. Desemba msako mkubwa wa uhamiaji ukaanza Minneapolis, katika jimbo la Minnesota lenye Wakenya wengi, hasa kutoka Kisii na Nyamira. Kuna watu wenye karatasi safi kabisa walioanza kutembea na pasipoti mfukoni wakienda dukani.

Uingereza ilikwenda polepole zaidi. Julai 2021 ilitia saini mkataba na Kenya wa kuchukua wahudumu wa afya, na watu wa kwetu wakauza ng'ombe na ploti kulipia safari za kazi ya utunzaji wa wazee. Kisha Machi 2024 watunzaji wapya wakakatazwa kwenda na mume, mke au watoto. Kiangazi cha mwaka huo, baada ya watoto watatu kuuawa Southport, ghasia zilizuka na hoteli zilizohifadhi waomba hifadhi zikashambuliwa. Mei 2025 Waziri Mkuu Keir Starmer akasema nchi yake iko hatarini kuwa kisiwa cha watu wasiojuana, maneno aliyosema baadaye kwamba anayajutia. Tarehe 22 Julai 2025 kuajiri watunzaji wapya kutoka ng'ambo kukafungwa.

Karatasi kwa karatasi

Ukiwa *raia* wa Marekani au Uingereza, huna haja ya kuchagua nchi moja. Katiba ya 2010, kifungu cha 16, inasema Mkenya wa kuzaliwa hapotezi uraia kwa kuchukua mwingine. Uje Kisumu ukae miaka minane, ikikushinda unarudi. Kama ulichukua uraia wa kigeni kabla ya katiba hiyo na ukapoteza wa Kenya, kifungu cha 14 kinakuruhusu kuuomba tena. Fanya hivyo kabla ya kununua ardhi, maana kifungu cha 65 hakimpi asiye raia zaidi ya ukodishaji wa miaka 99. Gharama ya raia wa Marekani ni kodi: popote anapoishi anawasilisha taarifa ya kodi kila mwaka, na jumla ya pesa zake kwenye akaunti za nje zikipita dola 10,000 wakati wowote katika mwaka, anaziripoti pia. Kodi hiyo si sababu ya kuukataa uraia huo.

Mwenye *grinikadi*, yaani kadi ya ukaazi wa kudumu Marekani, ndiye ninayemwonea wasiwasi kuliko wote, kwa sababu hujiona ameshafika. Kadi hiyo ni ya mtu anayeishi Marekani. Ukikaa nje zaidi ya miezi 6 unaulizwa maswali, na ukipitisha mwaka bila kibali cha kurudi unahesabiwa kuwa umeiacha. Kibali chenyewe huombwa kwa fomu I-131 ukiwa bado ndani ya Marekani, na hudumu hadi miaka 2. Sasa weka pande mbili. Ukibaki hadi miaka 5 itimie, au 3 kama umeoana na raia na mnaishi pamoja, unaomba uraia. Ada yake mwaka 2025 ilikuwa dola 710 kwa mtandao. Waliotuma maombi kuanzia 20 Oktoba 2025 huulizwa maswali 20 ya uraia na kutakiwa kupata 12. Ukirudi Nakuru leo ukiwa umebakiza miezi kumi na minne, unaacha kitu ambacho huenda usikipate tena maishani. Kwa mtu huyu jibu langu ni bovu lakini ni moja: vumilia, chukua uraia, kisha rudi hata wiki inayofuata.

Mwenye *viza ya kazi ya utunzaji Uingereza* yuko kwenye hesabu tofauti. Alikwenda akijua ukaazi wa kudumu ni baada ya miaka 5. Novemba 2025 serikali ilipendekeza muda wa kawaida uwe miaka 10, na kwa kazi zinazohesabiwa kuwa za ujuzi wa chini, utunzaji ukiwamo, ufike 15. Mwajiri wako akinyang'anywa leseni ya kudhamini, kwa kawaida unapewa siku 60 utafute mwingine au uondoke. Kwa hiyo jiulize: ungekubali kazi hii, mbali na mwanao, kama ungeambiwa tangu mwanzo ni miaka 15? Kuna wanaojibu ndiyo, kwa sababu mkopo wa safari bado unadai. Lakini kama deni limeisha, na ukaazi unazidi kusogezwa mbele, kurudi si kushindwa. Mtu wa aina hii ningemshauri apange mwaka mmoja au miwili ya kuweka akiba kwa nguvu, ajue tarehe, arudi. Muuguzi aliyesajiliwa hospitalini yuko afadhali. Kiwango cha kazi yake ni cha juu na waajiri ni wengi.

Sasa *asiye na karatasi Marekani*. Hapa watu huamua kwa hofu, na hofu haisomi sheria. Tangu sheria ya 1996, aliyekaa kinyume cha sheria zaidi ya siku 180 lakini chini ya mwaka akiondoka huzuiwa kurudi kwa miaka 3, na aliyepitisha mwaka huzuiwa kwa 10. Zuio hilo huanza kazi unapotoka. Yaani kupanda ndege ndiko kunakoliwasha. Mei 2025 serikali ilitangaza dola 1,000 na nauli kwa atakayejiondoa mwenyewe kupitia programu ya simu ya CBP Home. Pesa hizo, peke yake, hazifuti ile miaka 10.

Kuna mambo matatu ya kumuuliza wakili wa uhamiaji kabla ya kugusa programu hiyo, na nasema wakili, wala si shemeji anayejaza fomu za watu sebuleni. La kwanza: uliingia na viza ya mwanafunzi? Wengi walioingia hivyo, kadi yao ya kuingilia haikuandikwa tarehe ya mwisho, na siku za kukaa kinyume cha sheria huenda hazijaanza kuhesabiwa hata kama shule uliacha zamani. La pili: umeoana na raia? Aliyeingia kwa viza na kukaguliwa mpakani, halafu akapitisha muda, kwa kawaida bado anaweza kuombewa akiwa humohumo ndani. La tatu: mtoto uliyekwenda naye ana umri gani? Siku za kabla ya miaka 18 hazihesabiwi dhidi yake, na kwa hiyo mwana anaweza kuwa na njia ambayo baba hana. Ukikosa njia katika yote matatu, na umri umesonga, linganisha kama mtu anayehama kwa miaka 10. Si ziara. Wapo waliofanya hivyo na wakapumua. Mtu anayeogopa kila gari jeupe lililoegeshwa mtaani haishi Marekani, amejificha tu Marekani.

Pesa

Msaidizi wa wauguzi Marekani hupata karibu dola 19 kwa saa. Wiki ya saa 40 ni dola 760, na kwa kiwango cha takriban shilingi 129 ni zaidi ya shilingi 98,000 kabla ya kodi. Kibarua wa kawaida Kisumu, kwa kima cha chini kilichopandishwa mwaka 2024, hupata shilingi 16,000 na kitu kwa mwezi mzima. Ukiziweka namba hizi mbili bega kwa bega, hakuna atakayerudi. Lakini huo si ulinganisho, kwa sababu hakuna anayeishi kwa mshahara wa Minnesota na kodi ya nyumba ya Nyamasaria, Kisumu.

Linganisha kinachobaki. Toa kodi ya nyumba, gari na bima yake, chekechea, joto la msimu wa baridi, halafu toa unachotuma nyumbani: karo ya wapwa, dawa za mama, michango ya matanga. Kisha upande wa pili weka kipato unachoweza kukipata hapa, kilichoandikwa, chenye mwajiri au mteja anayejulikana. Nimeketi na familia kadhaa kwenye hesabu hii, na shimo huwa mahali palepale: upande wa Kenya huandikwa "biashara" bila kusema ya nini. Kuku, posho mil, matatu ya ubia na binamu. Biashara isiyo na daftari ni matumaini. Na mjengo wa kupangisha unaosimamiwa na ndugu uende uuone kwa macho yako kabla ya kuuita kipato.

Ajira nayo uiangalie wazi. Muuguzi anayerudi atakuta wenzake wenye diploma wakisubiri kuajiriwa na kaunti, wengine kwa mikataba mifupi. Aliyesomea nje atahitaji usajili wa Baraza la Wauguzi la Kenya kabla ya kushika mgonjwa. Akipata kazi, mshahara hukatwa PAYE, NSSF, asilimia 2.75 ya SHA, bima ya afya ya serikali, na asilimia 1.5 ya ushuru wa nyumba.

Jambo moja dogo kwa wanaobaki: tangu 1 Januari 2026 Marekani hutoza asilimia 1 kwa pesa zinazotumwa nje ukilipia kwa taslimu, mani oda au hundi ya benki. Ukituma kutoka akaunti ya benki au kadi iliyotolewa Marekani hutozwi. Na usitegemee dola kupanda. Januari 2024 ilikaribia shilingi 160, na waliojenga kwa hesabu hiyo walikwama kwenye linta ilipoteremka hadi 129.

Mwanamume na mwanamke hawarudi mahali pamoja

Hili halisemwi sana. Mwanamume Mluo au Mluhya akirudi, boma lipo. Hata kama hajajenga, pana sehemu inayojulikana kuwa yake, na wazee watamkumbusha hivyo kila Krismasi. Mwanamke aliyeachana na mume akiwa Texas, ana watoto wawili, arudi kwa nani? Katiba inampa haki ya kurithi sawa na kaka zake, lakini kati ya haki hiyo na kipande cha ardhi kule Vihiga, ambako mashamba yamekatwakatwa hadi kuwa bustani, kuna kaka wanne na kesi. Kwa hiyo yeye hulinganisha Texas na mji, sio Texas na kijijini. Ploti yake ya hamsini kwa mia iwe Kisumu, Nakuru au Eldoret, hati kwa jina lake, na utafutaji wa hati ufanyike ofisi ya ardhi kabla pesa hazijatoka. Kama ni shamba la kilimo, lazima idhini ya bodi ya ardhi.

Dada, ukisikia familia inakuhimiza sana urudi, uliza kwa upole watakulaza wapi mwezi wa tatu. Ukisikia inakuhimiza sana ubaki, uliza nani anategemea unachotuma.

Watoto

Mtoto aliyezaliwa Ohio kwa mama au baba Mkenya ni Mkenya wa kuzaliwa pia, kwa hiyo karatasi si tatizo mradi umsajili. Umri ndio tatizo. Chini ya miaka minane huzoea haraka. Baada ya mwaka anacheka Kiswahili chako. Wa miaka kumi na mitano anang'olewa. Mfumo wa elimu wa umahiri ulipeleka kundi lake la kwanza Gredi ya 10 Januari 2026, na kumwingiza kijana wa majuu katikati yake kunadai barua, ulinganishaji wa vyeti na moyo wa mwalimu mkuu. Shule za mtaala wa kigeni zipo, Braeburn pale Kisumu na Greensteds karibu na Nakuru, ila karo yake iulizwe mapema, maana inaweza kumeza ile akiba yote uliyokuja nayo. Mimi ningemwacha kijana wa kidato amalize huko, na ningemleta mdogo bila kusita.

Ugonjwa na uzee

Kabla ya kuondoka hesabu miaka yako ya michango. Marekani, pensheni ya Social Security hutaka alama 40, ambazo hazipatikani chini ya miaka 10 ya kazi, na hakuna mkataba wa kuunganisha michango hiyo na ya Kenya. Uingereza nako pensheni ya serikali hutaka angalau miaka 10 ya michango, na ukiipokea ukiwa Kenya haipandi mwaka hadi mwaka. Aliye na miaka tisa, mahali popote pale, ana sababu nzuri ya kumeza mate mwaka mmoja zaidi. Akiba ya 401(k), ile ya uzeeni unayowekewa kazini Marekani, ukiitoa kabla ya miaka 59 na nusu kwa kawaida hukatwa asilimia 10 juu ya kodi. Iache huko ikae.

Hospitali, Kisumu ina Jaramogi na Aga Khan, Eldoret ina Moi. SHA ilichukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, na malalamiko ya hospitali kuhusu malipo yake hayajakwisha. Mwenye sukari au figo asirudi kwa kutegemea kadi hiyo peke yake.

Usalama

Msiwadanganye walio nje kwamba huku kumetulia. Juni na Julai 2024 makumi ya vijana waliuawa katika maandamano ya kupinga mswada wa fedha. Ghasia za uchaguzi za Nyalenda, Kisumu, mwaka 2017 tunazikumbuka, na za Nakuru za Januari 2008 pia. Uchaguzi ujao ni 10 Agosti 2027. Mwenye uhuru wa kuchagua tarehe, na hasa mwenye duka la kufungua Kondele, Kisumu, anaweza kungoja kura ipite.

Tofauti ninayoiona ni hii: hapa utaogopa msimu, kule asiye na karatasi huogopa kila siku. Na hapa hakuna atakayekuuliza kwenye foleni ya benki ulitoka wapi, labda akiwa anatafuta kujua kama mnaelewana lugha.

Ukirudi, mji upi

Nakuru kwa anayetaka biashara na barabara: ni jiji tangu 2021, na upanuzi wa barabara ya Rironi hadi Mau Summit ulizinduliwa Novemba 2025. Kisumu kwa anayetaka hospitali, ndege ya kwenda Nairobi na kuwa karibu na wazee wa Siaya au Vihiga. Kakamega ni ya mtu aliye na pensheni na asiyetaka kelele. Ningechagua Kisumu, na ninakiri ni upendeleo wa mtu aliyezoea joto na samaki.

Yasiyofanyika ukiwa tayari Kisumu

Fomu ya kibali cha kurudi na alama za vidole za ombi la uraia hufanywa ukiwa huko. Vyeti vya shule vya watoto vilivyopigwa mhuri, rekodi za chanjo na barua za waajiri ni rahisi kuzipata ukiwa bado unaweza kuingia ofisini kwao. Vyombo na gari navyo vina kanuni: mkaazi anayerejea baada ya kuishi nje angalau miaka 2 anaweza kuingiza mali yake ya nyumbani na gari moja bila ushuru, mradi hakukaa Kenya siku 90 au zaidi kwa jumla katika miaka hiyo, na gari awe amelimiliki na kulitumia angalau miezi 12 na lisizidi umri wa miaka 8. Aliye Uingereza anaweza kuleta lilelile analoendesha. Aliye Marekani la kwake usukani uko kushoto na haliruhusiwi barabarani hapa, kwa hiyo aulize mamlaka ya mapato, KRA, kwanza kuhusu kuliuza na kuleta jingine la thamani hiyo, kabla hajalilipia kontena.